Siku Tuliyomzika Mzee Hsu

Furaha, Omari, na nyinyi wengine mnaobaki: funguo za mlango wa nyuma nimeziacha kwenye ndoano yake. Aproni yangu msiigombanie, mpira wa kiunoni umekatika. Mliniambia niandike niliyojifunza katika nyumba ya mazishi kabla sijayasahau. Nimeyapanga tangu mwanzo hadi mwisho, maana ndivyo ninavyoweza kukumbuka. Mtaona mengi yanamhusu mtu mmoja. Nilikusudia kuandika habari za sabuni, pamba na namna ya kumvisha marehemu koti lenye mkono mwembamba, lakini kila nilipoanza nilijikuta nimerudi kwake.

Niliingia kazini Fairfax, huku ughaibuni, nikiwa na ujuzi mmoja tu. Kwetu Tanga shangazi yangu alikuwa mwosha maiti, na tangu nilipoolewa nilikuwa nikimsaidia kuosha wanawake wa mtaa. Nilijua kukunja sanda, nilijua kunyamaza, na nilijua kwamba mtu akifa alfajiri, alasiri awe ameshazikwa. Kwetu sisi huko ndiko kumstahi marehemu.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta katika chumba cha baridi bibi mmoja wa Kichina ambaye alikuwa hapo zaidi ya wiki. Nikamuuliza mwenye nyumba ile ya mazishi, "Huyu hana ndugu?"

"Ndugu anao tele," akanijibu. "Siku yake ndiyo haijapatikana."

Mchana ule aliingia mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, kitabu chekundu cha kalenda kwapani. Huyo ndiye Mzee Hsu. Alitoka Taiwan ujanani, na riziki yake ilikuwa kutengeneza fremu za picha katika duka lake. Lakini familia za Kichina za kuanzia Fairfax hadi Columbia zilipofiwa, yeye ndiye aliyeitwa kuchagua siku na saa ya kumweka marehemu kwenye jeneza, kulifunga, na kuzika. Alikaa mezani, akafungua kitabu, akaandika, akafuta, akasema, "Alhamisi. Saa ya Joka." Kisha akanitazama. "Wewe mgeni. Unaona huu ni ujinga?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba dini yangu hainiruhusu kuzitegemea nyota, lakini kwetu pwani mwezi ukiingia katika nyota ya nge hakuna anayefunga ndoa wala kuanza safari, hata yule anayesema haamini. Na kwamba wapo wazee wanaojumlisha herufi za jina lako na za mama yako, wagawe kwa kumi na mbili, ibakie nyota yako.

"Kumi na mbili?" akauliza.

"Kumi na mbili."

Akavuta kiti kingine. Urafiki wetu ulianzia hapo, nami sikuondoka mezani mpaka mwenye nyumba alipokuja kuuliza kama choo kimeshasafishwa.

Kila alipokuja kuchagua siku nilimpelekea chai, na kila chai ilikuwa somo. Hakupenda mtu aanze na wanyama. Wanyama, alisema, walikuja baadaye. Kwanza zilikuwapo alama tupu: kumi za kundi moja na kumi na mbili za kundi jingine, zinazokwenda sambamba kama magurudumu mawili yasiyolingana ukubwa, mpaka zifike sitini ndipo zinarudi zilipoanzia. Watu wa kale, zaidi ya miaka elfu tatu nyuma, walizichora kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe wakihesabu siku. Siku, si miaka. Waliuliza mizimu yao kama mvua itanyesha, kama malkia atajifungua salama, wakaandika swali lile liliulizwa siku gani. Miaka ilifuata baadaye. Mshtarii, ile sayari kubwa, huchukua karibu miaka kumi na miwili kuzunguka mbingu yote, na watazamaji wa nyota wa kifalme waliufuatilia mwendo wake kituo kwa kituo.

"Na wanyama?" niliuliza.

"Mkulima hawezi kukumbuka alama kumi na mbili. Anakumbuka panya."

Ndipo akanipa mpangilio, nami nawapa nyinyi, maana mtauhitaji: Panya, Ng'ombe, Simbamarara, Sungura, Joka, Nyoka, Farasi, Mbuzi, Nyani, Jogoo, Mbwa, Nguruwe. Hadithi ya mashindano ya kuvuka mto, Panya akapanda mgongoni mwa Ng'ombe na kuruka mbele dakika ya mwisho, aliisimulia mara moja tu, upesi, kama mtu anayelipa nauli. Alisema ni ya watoto na ya karatasi za kutandika mezani hotelini.

Omari, wewe ulikuwa ndiyo kwanza umeajiriwa kuendesha gari la maiti. Uliingia kunywa maji ukasema, "Na mimi niangalieni basi." Mzee Hsu akakuuliza mwaka, akageuza ukurasa, akasema, "Nguruwe."

"Nani? Mimi? Mtoto wa Mombasa, baba yangu muadhini, niwe nguruwe?"

"Nguruwe ni mkarimu. Ana bahati ya chakula."

"Wallahi nabadilisha mwaka kwenye leseni! Bi Mwanaidi, mwambie aangalie tena, pengine karuka mstari."

Mzee Hsu alicheka mpaka miwani ikaanguka kifuani. Naandika hili kwa sababu wengi wenu mlimjua alipokuwa hacheki tena.

Sasa ya kazini. Familia ya Kichina ikija, msiwape chumba namba nne. Neno lao la hesabu ya nne hutamkwa karibu sawa na neno la kifo. Wakikupa bahasha ndogo yenye peremende, peremende hiyo uile palepale, usiipeleke nyumbani. Jina la mjane kwenye jiwe la mumewe huandikwa mapema na kupakwa rangi nyekundu, kwa kuwa bado yu hai. Msidhani fundi amekosea, kama nilivyomkuta mmoja wetu anataka kulisugua. Na kubwa kuliko yote: kila siku na kila saa ina mnyama wake, na kila mnyama ana anayepingana naye, yule wa saba ukianza kuhesabu na yeye mwenyewe. Panya na Farasi. Ng'ombe na Mbuzi. Nyoka na Nguruwe. Siku ya kuzika ikiwa ya Farasi, waliozaliwa mwaka wa Panya wasiangalie jeneza likifungwa wala likishushwa. Wanageuza mgongo mpaka wengine wamalize. Hata awe mtoto wa marehemu. Kazi yenu ni kuwakumbusha kwa upole kabla mashine haijaanza kushusha, na kusimama karibu nao, kwa sababu mtu aliyegeuka huwa peke yake kabisa.

Hili la kusimama karibu sikufundishwa na mtu. Nililiona kwa Lian.

Lian ni binti pekee wa Mzee Hsu. Mama yake alipofariki, Lian alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake Columbia. Mzee Hsu alimchagulia mkewe siku kama fundi anayemtengenezea mkewe fremu: hakuna dosari iliyopita. Alisaka kitabu kizima akapata siku aliyosema hutokea kwa nadra, njema kwa marehemu, njema kwa ardhi, njema kwa wajukuu watakaozaliwa. Ilikuwa siku ya Farasi.

Tulikuwa makaburini, upande wa Manassas, watu wameshapanga mstari. Mzee Hsu akamwambia binti yake ageuke.

"Kwa nini?" Lian akauliza. "Mimi Nguruwe."

"Wewe ni Panya."

"Baba, bibi aliniita Nguruwe. Mama aliniita Nguruwe. Kila mwaka mpya mlininunulia kinguruwe cha dhahabu."

Shida ilikuwa hii. Lian alizaliwa katika wiki ile iliyo kati ya malango mawili ya mwaka. Watu wengi huhesabu mwaka kuanzia mwandamo wa mwezi wa mwaka mpya, ule wenye fataki na gwaride. Lakini wenye kazi ya kuchagua siku, wengi wao, huhesabu kuanzia jua linapofika mahali wanapopaita mwanzo wa majira ya kuchipua, na pengine huwa kabla ya sherehe. Kwa hesabu ya nyumba nzima Lian alikuwa wa mwaka unaokwisha, Nguruwe. Kwa hesabu ya baba yake, mwaka ulikuwa umeshageuka bila kelele, na mtoto ni Panya.

"Hukuwahi kuniambia," Lian alisema.

"Haikuwa na haja mpaka leo."

"Nataka kumwona mama akishuka."

"Geuka, Lian. Ni kwa ajili yako."

Akageuka. Hakutaka kubishana mbele ya jeneza la mama yake. Nilikuwa nimeshika mkoba wake, nikasogea mpaka bega langu likakaribia lake. Nyuma yetu mashine ilikuwa inazungusha mikanda, na watu wakaanza kulia kwa pamoja, kama wanavyofanya jeneza likivuka ukingo wa kaburi. Lian alikuwa anatazama uzio. Kila sauti ilipobadilika aliniuliza kwa kunong'ona, "Sasa wanafanya nini? Sasa je?" Nikawa namweleza. Alipogeuka, wafanyakazi walikuwa wameshatandika zulia la kijani juu ya shimo.

Hakupanda gari moja na baba yake kurudi. Nijuavyo mimi, hawakuwahi kupanda gari moja tena.

Miaka iliyofuata Mzee Hsu aliendelea kuja na kitabu chake. Chai alikunywa, masomo aliyafupisha. Wakati mmoja nilijaribu kumwambia kuwa kwetu mzazi ndiye anayeanza kusamehe, kwa sababu yeye ameishi zaidi. Akaniuliza, "Nimsamehe nini? Hajakosa." Nikasema basi aombe msamaha yeye. "Wa nini?" akasema. "Hesabu ilikuwa sahihi." Nilipompigia Lian, jibu lake lilifanana na la baba yake kiasi kwamba ningeweza kucheka kama si huzuni: "Anti, akinihitaji namba yangu anayo." Nikampelekea mzee maneno hayo. Akasema, "Naye ya kwangu anayo."

Ndipo ini lake lilipoanza kumshinda. Alihamishiwa nyumba ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, nami nilikuwa nikipita nikitoka kazini. Alikuwa amekonda, ngozi imekuwa ya njano, lakini kitabu kilikuwa kando ya mto. Alinifundisha kusoma zile alama kumi na mbili katika pembe ya kila ukurasa. Sikujua maandishi mengine, ila hizo nilizijua kwa sura, kama mtu anavyojua nyuso za majirani ambao hajui majina yao.

Siku moja aliniuliza, "Nikifa, nani atanichagulia siku?"

Nikataja kijana mmoja wa Maryland aliyekuwa ameanza kazi hiyo.

"Yule atanitafutia siku njema," alisema. "Sitaki siku njema. Nitafutie siku ambayo Lian anaweza kutazama. Akiwa Nguruwe aweze, akiwa Panya aweze."

"Mpigie simu umwambie mwenyewe."

Alikifunika kitabu kwa kiganja. "Mwanaidi," akasema, "hesabu yangu ilikuwa sahihi. Sasa nina hesabu sahihi na sina binti."

Jioni hiyo nilimpigia Lian nikamwambia maneno hayo kama yalivyo.  Akasema ana mkutano asubuhi, atakuja mchana wake. Alikuja kweli, akakwama kwenye foleni ya magari, barabara kuu ya Beltway, na alipofika muuguzi alikuwa ameshavuta pazia.

Hilo sitaliongezea neno.

Lian alikuja kwetu kusaini karatasi za mazishi ya baba yake, kwa kuwa yeye ndiye ndugu pekee. Alikaa kwenye kiti kilekile alichozoea kukaa baba yake, bila kujua. "Haya, Anti," akasema. "Siku gani? Na mimi leo ni mnyama gani? Nigeuke au nisigeuke?"

"Baba yako amesema utazame," nikamwambia. "Kwa hesabu zote mbili."

Akaangalia meza. Akaomba kalamu.

Makaburi walitupa siku tatu mfululizo, kwani ardhi ilikuwa imeganda na mashine za kuchimba zilikuwa na foleni. Nilifungua kitabu chekundu. Siku ya kwanza ilikuwa ya Nyoka, inayopingana na Nguruwe. Ya pili ya Farasi, inayopingana na Panya. Ya tatu ilikuwa ya Mbuzi. Nilimpigia yule kijana wa Maryland kuuliza. Akaisoma akashtuka: siku ile kitabu kimekataza kuzika, yeye hawezi kuweka mkono wake hapo. Nikamshukuru nikaichagua. Aliyekufa ndiye aliyeagiza.

Lakini Mbuzi anapingana na Ng'ombe, na mimi ni Ng'ombe.

Karatasi zangu za uhamiaji zinasema nilizaliwa tarehe mosi Januari, kama nusu ya wazee mnaowajua msikitini. Ofisa aliuliza tarehe; mwaka tuliujua, tarehe hatukuwa nayo, akaandika ya kwake. Kwa tarehe hiyo ningekuwa mnyama wa mwaka uliotangulia. Ila mama yangu alisema nilizaliwa Mfungo Sita, siku ambazo mtaa ulikuwa ukijiandaa kwa Maulidi, na Mzee Hsu mwenyewe ndiye aliyekaa na kalenda mbili, yao na yetu, akazilinganisha mwezi kwa mwezi. Alifurahi mno kuona kuwa nasi twahesabu kwa mwandamo. Alishangaa tu kwamba hatuongezi mwezi wa ziada kulifuata jua. "Mnaiacha Ramadhani izunguke mwaka mzima?" alisema. "Mna subira nyinyi." Kwa hesabu yake, mimi Ng'ombe.

Omari ulinikuta nimesimama karibu na gari, jeneza limeshapakiwa.

"Kwani lazima?" ulisema. "Karatasi zasema Januari. Nani atakuuliza?"

"Yeye alijua."

"Bi Mwanaidi, wewe waswali. Leo wageuza mgongo kwa kalenda ya Kichina?"

"Sigeuki kwa kalenda."

Ulinitazama, ukafunga mlango wa nyuma taratibu, na hukunitania tena njia nzima. Nakushukuru kwa hilo.

Nilikuwa nimemvisha mwenyewe. Mwanamke wa Kiislamu kumvisha mwanamume asiye wake, nilijua wapo watakaosema. Kuosha na kumvisha nguo za ndani walifanya wanaume, mimi nilimfunga vifungo vya koti na kumpachika miwani. Niliongeza uzi wake wa shingoni, ingawa mwenye nyumba aliona si nadhifu.

Kulikuwa na baridi kavu. Watu hawakuwa wengi: wateja wa zamani wa fremu, majirani, wazee wawili waliocheza naye sataranji. Furaha, ulisimamia wewe, mara yako ya kwanza peke yako. Ulitangaza kama nilivyokufundisha, kwa sauti ya chini: waliozaliwa mwaka wa Ng'ombe tafadhali wageuke. Mmoja wa wale wazee akageuka. Nami nikageuka. Ukaniita, "Maman?" kwa Kifaransa cha kwenu, kwa mshangao, kwani sikuwa nimekwambia. Nikakuonyesha kwa mkono uendelee.

Mbele yangu palikuwa na uzio, na ng'ambo yake ghala lenye malori yaliyoegeshwa kinyumenyume milangoni. Dereva mmoja alikuwa anakula mkate, akatuona, akashusha mkate. Nilisikia mashine ikianza. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ile nilikuwa naisikia nikiwa naiangalia, na sikujua kuwa sauti ile ina mikunjo mingi hivyo: mikanda inakaza, inalalamika, inalegea. Nilitaka kumuuliza mtu, sasa wanafanya nini? Sasa je? Aliyekuwa karibu yangu ni yule mzee, naye alikuwa haoni kama mimi.

Watu hawakulia kwa pamoja safari hii. Nilisikia mtu mmoja tu, na sikujua ni nani.

Kisha kimya. Nyayo zikaja kwenye majani makavu, na Lian akasimama mbele yangu, kati yangu na uzio. Glavu amezivua, vidole vina udongo.

"Umemwona?" nikamuuliza.

"Nimetazama mpaka mwisho," alisema. Akajaribu kuendelea, akashindwa, akajaribu tena. "Ni sanduku, Anti. Ni kifuniko na ile mikanda ya kijani. Linashuka, halafu halionekani. Basi." Alifuta uso kwa kiganja akajipaka udongo. "Nilidhani kwa mama kulikuwa na kitu. Miaka yote hii nilidhani nilinyimwa kitu. Kumbe ni sanduku tu. Ningempigia simu. Kwa sanduku tu, ningempigia."

Nilimkumbatia. Nikageuza kichwa, na kwa pembe ya jicho nilikuona, Furaha, ukitandika zulia juu ya shimo.

 Lian alikuwa ameona, na alichokiona kilikuwa kimemwambia hakuna kitu. Huenda siku moja hilo litampunguzia uchungu. Mimi nilikuwa nimegeuka, na palepale, nikiwa nimemshika, ningetoa chochote nilicho nacho niione ile mikanda.